Mwenendo wa Wanyama na Lugha ya Kuueleza: Utangulizi kwa Mifano ya Nakuru na Bonde la Ufa

1. Utangulizi

Elimu ya mwenendo wa wanyama ni tawi la biolojia linalochunguza yale ambayo wanyama hutenda: jinsi wanavyotafuta chakula, wanavyojikinga na adui, wanavyolea watoto, wanavyoishi pamoja na wanavyopashana habari. Kwa muda mrefu taaluma hii imehesabiwa kuwa mali ya wanasayansi peke yao, na mtaalamu wa lugha hakuona sababu ya kuishughulikia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu hiyo ipo. Anayechunguza damu ya mnyama ana darubini, na anayechunguza uzito wake ana mizani; lakini anayechunguza mwenendo wake hutegemea kwanza jicho na neno. Kitendo hupita, nalo neno lililoandikwa ndilo linalobaki na kuhesabiwa. Neno hilo likiwa na kasoro, hesabu yote inayolifuata huwa na kasoro hiyo hiyo.

Mifano mingi imechukuliwa Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa nchini Kenya, kwa sababu mbili. Kwanza, huko wanyama na watu hukaa bega kwa bega. Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, imezungukwa na uzio, na nje ya uzio huo kuna mitaa ya watu. Mkaazi wa mtaa wa Rhonda, ulioko upande wa magharibi wa mji, hana haja ya kufunga safari ili aone nyani. Pili, Rhonda ni mtaa wa watu wa makabila mengi waliokutana kwa ajili ya kazi na makao, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha. Jambo linaloonekana penye uzio likisimuliwa kwa jirani, aghalabu husimuliwa kwa Kiswahili. Lakini karibu yote yaliyoandikwa na wataalamu juu ya wanyama wa nchi hiyo yameandikwa kwa Kiingereza. Kati ya msimulizi na mtaalamu pana pengo, nalo si la istilahi tu, bali ni la namna ya kuitumia sarufi.

2. Maswali manne ndani ya swali moja

Taaluma hii ilipata heshima kamili mwaka 1973, wakati Karl von Frisch, Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen walipotunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Von Frisch alikuwa ameeleza jinsi nyuki, kwa namna ya kucheza ndani ya mzinga, anavyowajulisha wenziwe upande na umbali wa chakula. Mchango wa Tinbergen unaowahusu zaidi wanaisimu ni makala yake ya mwaka 1963, ambamo alisema kwamba mtu anayeuliza kwa nini mnyama ametenda jambo fulani huwa ameuliza maswali manne bila ya kujua.

Heroe mdogo, ndege aliyelipa Ziwa Nakuru sifa yake duniani, anafaa kuwa mfano. Anapokula huinamisha shingo na kukipindua kichwa hata sehemu ya juu ya mdomo ikawa chini. Kwa nini? Jibu la kwanza linahusu namna kitendo kinavyofanyika: ulimi wake huenda mbele na nyuma kama pampu, ukivuta maji na kuyasukuma kupitia vichujio vyembamba vilivyomo mdomoni. Jibu la pili linahusu ukuaji: kifaranga huanguliwa akiwa na mdomo ulionyoka, hulishwa na wazazi wake umajimaji utokao kooni mwao, na mdomo hupinda kadiri anavyokua. Jibu la tatu linahusu manufaa: kwa njia hiyo heroe hupata vijimea vidogo mno viitwavyo Arthrospira, ambavyo hustawi katika maji ya magadi na ambavyo ndege wengi hawawezi kuvichuja. Jibu la nne linahusu asili: heroe mkubwa, aliye ndugu yake, ana vichujio vipana zaidi na hula vijidudu vya matopeni, hali kibisi, ambaye uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa ni jamaa wa karibu wa heroe, hachuji kabisa. Kwa kulinganisha ndege hao mtaalamu hukisia njia iliyopitiwa na vizazi vyao.

Majibu haya manne hayapingani, na hakuna moja linaloweza kushika nafasi ya jingine. Tatizo la kilugha ni kwamba katika Kiswahili yote manne hujibu maneno mawili tu, kwa nini. Hatari huzidi pale kiunganishi ili kinapotumiwa pasipo hadhari. Tangu kama mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana, eneo la ziwa likakua kutoka karibu kilomita za mraba 40 hadi kupita 60, magadi yakapungua ukali, na makundi makubwa ya heroe yakahamia Bogoria na kwingineko. Mtu akiandika “heroe walihama kwa kuwa chakula kilipungua”, ametaja kisababishi kinachoweza kupimwa. Akiandika “heroe walihama ili wapate chakula”, amempa ndege lengo la moyoni, na hapana chombo kilichompimia lengo hilo. Sentensi ya pili yaweza kuwa kweli. Lakini ni dai jingine, nalo lahitaji ushahidi mwingine.

3. Tabia, mwenendo, silika, mazoea na desturi

Neno linalotumiwa sana katika vitabu vya shule ni tabia. Ni neno lenye nguvu, lakini limebeba mzigo wa maadili. Mtu husifiwa kwa tabia njema au hulaumiwa kwa tabia mbaya, na katika mazungumzo ya kila siku neno hilo halikosi kunusa hukumu. Mwenendo nalo hutumika katika kusifu na kulaumu watu. Ila lina upana unaolifaa zaidi. Husemwa mwenendo wa kesi, mwenendo wa bei na mwenendo wa ugonjwa, na katika matumizi hayo yote maana yake ni jinsi jambo linavyokwenda, pasipo kumlaumu yeyote. Kwa hiyo mwenendo lafaa kuwa jina la jumla la yale yanayoonekana kwa jicho, na tabia lafaa kuachiwa maana finyu zaidi: hulka ya mnyama mmoja inayomtofautisha na wenziwe, kama vile nyani mmoja kuwa mwoga daima na mwingine kuwa mthubutu.

Silika ni istilahi iliyokwisha kukaa, kwa maana ya mwenendo ambao mnyama huzaliwa nao. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi hutumiwa kufunga mjadala badala ya kuufungua. Kusema kwamba mnyama hutenda hivyo kwa silika ni kujibu swali moja tu katika yale manne. Tena kati ya silika na mafunzo hapana mpaka wa ukuta. Mambo mengi huanza kwa silika yakakamilishwa kwa kujifunza.

Kwa yale yanayofunzwa, Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa. Mazoea lafaa kwa jambo ambalo mnyama mmoja amejifunza kwa kulirudia. Desturi lafaa kwa jambo linaloenea kutoka kwa mmoja hadi kwa wengine katika jamii. Mfano wa desturi ulipatikana Kekopey, shamba kubwa la mifugo karibu na Gilgil, kusini-mashariki ya Nakuru. Robert Harding alichunguza nyani huko kuanzia mwaka 1970, na Shirley Strum akafuata mwaka 1972. Ilionekana kwamba nyani wa kundi lililoitwa Pumphouse walikuwa wakiwinda wanyama wadogo, kama watoto wa swala na sungura. Mwaka 1975 Strum alieleza jinsi uwindaji huo, ambao kwanza ulikuwa wa dume hasa, ulivyoenea kwa madume wengine, kisha kwa majike na vijana. Kuuita mwenendo huo silika kungeificha habari yenyewe. Neno desturi huieleza.

4. Sarufi kama chombo cha uchunguzi

Sarufi ya Kiswahili humsaidia mchunguzi katika baadhi ya mambo na humtega katika mengine. Msaada wa kwanza ni upatanisho. Jina la mnyama, liwe katika ngeli yoyote kwa umbo, hupatana kama jina la mtu: kipepeo amekuja, kiboko yule, nyuki wale. Mimea na vitu havina haki hiyo. Kwa hiyo Kiswahili, kabla mwanafalsafa yeyote hajasema neno, kimekwisha kumweka mnyama upande wa watendaji. Msimamo huo unapatana na elimu ya leo, ambayo imeacha fikra ya kale kwamba mnyama ni mtambo. Lakini ni msimamo wa sarufi, wala si ushahidi, na mchunguzi asiudhanie kuwa ushahidi.

Mtego wa kwanza umo katika majina ya jumla. Katika sentensi “kundi limeshtuka”, upatanisho umehama kutoka kwa wanyama hadi kwa kundi, na pamoja nao imepotea habari ya nani aliyeshtuka kwanza na nani aliyemfuata. Upotevu wa namna hii ndio uliomshughulisha Jeanne Altmann, mchunguzi wa nyani wa Amboseli, katika makala yake ya mwaka 1974 juu ya njia za kukusanya data. Alionyesha kwamba mtu anayeandika tu yale yanayovuta jicho lake huhesabu ugomvi na kelele kupita kiasi, na huyakosa mambo ya kimya. Njia mojawapo aliyoieleza ni kumchagua mnyama mmoja, kumfuata kwa muda uliopangwa, na kuandika kila atendalo, liwe kubwa au dogo. Kwa Kiswahili njia hii huanza na kiambishi: mchunguzi aandike a- na m- kabla ya kuandika wa- na li-.

Mtego wa pili umo katika kauli ya kutendana. Mpita njia akiona nyani mmoja akimkimbiza mwingine, husema kwamba wanafukuzana, ingawa afukuzaye ni mmoja na mwingine anakimbia tu. Vivyo hivyo husemwa kwamba nyani wanatoana chawa. Kauli hii ni nzuri katika masimulizi. Katika daftari ya uchunguzi huifuta habari iliyo muhimu kupita zote, yaani nani amemtendea nani. Kuchambuliana manyoya mara nyingi si kwa zamu sawa. Barbara Smuts, aliyewachunguza nyani wa kundi jingine la karibu na Gilgil na kuchapisha kitabu chake mwaka 1985, alitumia hesabu za nani humkaribia nani na nani humchambua nani ili kuonyesha kwamba baina ya dume na jike huwa kuna urafiki wa muda mrefu usiotegemea kupandana peke yake. Ugunduzi huo usingewezekana kwa daftari iliyojaa -ana. Ungehitaji alimchambua, akamwacha, akachambuliwa naye.

Mtego wa tatu ni alama ya hu-. “Fisi alikula” ni taarifa ya tukio. “Fisi hula” ni kanuni. Kuvuka kutoka -li- hadi hu- ni kuvuka kutoka jambo lililoonekana hadi jambo linalodaiwa, na katika taaluma hii daraja la kuvukia ni hesabu. Methali na ngano husema kwa hu- bila ya kuhesabu, nazo zina ruhusa, mchunguzi hana.

5. Ngano na ushahidi: mfano wa fisi

Katika ngano za Afrika Mashariki sungura ni mjanja, na fisi ni mlafi, mwoga na mpumbavu. Ngano haikutungwa ili ifundishe biolojia. Hutaja wanyama na kukusudia watu, na kwa kazi hiyo haina upungufu. Kosa hutokea pale sifa za ngano zinapohamishiwa kwa mnyama wa porini.

Hans Kruuk aliwachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1972. Kwa kuwa fisi hufanya kazi zao usiku, ilimlazimu kukesha pamoja nao. Aligundua kwamba fisi ni wawindaji hodari ambao hujiulia wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba huko Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliovutwa na kelele za fisi wakaja kuwanyang'anya. Mtalii afikaye asubuhi humkuta simba anakula na fisi wanangoja kando, naye huisoma picha hiyo kwa miwani ya ngano: mfalme anakula, mwizi anavizia. Macho yake hayakumdanganya, maana aliyoyaona yalikuwepo. Kilichomdanganya ni neno mwizi, lililokuwa tayari kinywani kabla hajafika.

6. Kundi lililoitwa Wabaya

Jambo hili si la wasomi peke yao. Kekopey ilipouzwa na kugawanywa kwa wakulima wadogo, nyani waliokuwa wakila majani na mizizi ya porini walijikuta kando ya mashamba ya mahindi. Baadhi yao waliyazoea mazao hayo, na kundi moja lilijitenga na Pumphouse likawa na maisha yake ya kuvamia mashamba. Kundi hilo lilipewa jina la Kiswahili, Wabaya, na kwa jina hilo limeingia katika maandishi ya kisayansi.

Jina hilo lilikuwa na utani ndani yake, na mkulima aliyepoteza chakula cha watoto wake asingeliona kuwa kali mno. Lakini kama istilahi, lina funzo. Ubaya si kitendo kinachoonekana. Kinachoonekana ni kwamba mnyama fulani aliingia shambani saa fulani, akang'oa mabua kadhaa, akatoka. Kati ya taarifa hiyo na neno wabaya pana hukumu nzima: kwamba shamba lina mwenyewe, kwamba nyani alipaswa kujua, na kwamba kosa limo katika nafsi yake. Hukumu ya kwanza ni ya haki kwa binadamu. Ya pili na ya tatu hazina ushahidi.

Mwaka 1984 Strum na wenziwe walihamisha makundi matatu ya nyani kutoka Gilgil hadi Laikipia, Wabaya wakiwemo, badala ya kuyaacha yauawe. Mahali pale papya wanyama hao waliweza kuishi kwa kutegemea vyakula vya porini. Ikiwa ubaya ungekuwa tabia ya mnyama mwenyewe, ungehama pamoja naye. Kumbe lililoitwa ubaya lilikuwa mazoea yaliyozaliwa na ujirani wa pori na shamba. Tofauti baina ya tabia na mazoea, iliyotajwa hapo juu kama suala la istilahi, hapa ilikuwa tofauti baina ya kuua na kuhamisha.

Suala hilo hilo linawahusu wakaazi wa Rhonda na mitaa yote inayopakana na pori. Taarifa inayosema “nyani wezi wamezidi” haiwezi kujibiwa ila kwa adhabu. Taarifa inayosema ni nyani wangapi, wa rika gani, wameingia wapi, saa ngapi na kufuata nini, huonyesha kama dawa ni uzio, ni mlinzi au ni pipa la taka lenye kifuniko. Taarifa zote mbili zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ya pili inahitaji tu lugha iliyozoezwa kazi hiyo.

7. Mlio na neno

Sehemu ya taaluma hii inayogusa isimu moja kwa moja ni mawasiliano. Mwaka 1967 Thomas Struhsaker alieleza kwamba tumbili wa Amboseli wana milio mbalimbali ya tahadhari kwa maadui mbalimbali. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walitangaza majaribio yao: walirekodi milio hiyo na kuipiga kwa spika zilizofichwa, hali hakuna adui karibu. Tumbili walioko chini waliposikia mlio wa chui walikimbilia mitini. Waliposikia mlio wa tai walitazama juu au waliingia vichakani. Waliposikia mlio wa nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma wakaangalia nyasini. Watoto nao walikosea kwa mpango: mlio wa tai waliutoa hata kwa ndege wasio na madhara, na kadiri walivyokua walizidi kuutumia kwa tai wa kweli.

Je, mlio huo ni neno? Kama neno, una umbo maalumu na huhusishwa na kitu maalumu. Lakini haijaonyeshwa kwamba tumbili huutumia kutaja chui wa jana, wala kuukanusha, wala kuujengea sentensi ndefu. Kwa hiyo mlio wa tahadhari ni istilahi salama kuliko neno. Hata kitenzi kinahitaji uangalifu: tumbili “analia” ni taarifa, tumbili “anawaonya wenziwe” ni dai kuhusu nia. Kiswahili kina vitenzi vingi vya milio visivyodai nia yoyote: simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika, kuku hutetea, nyuki huvuma. Hazina hii inastahili kukusanywa kutoka katika lahaja zote na kupangwa, kabla ya kuazima maneno ya kigeni.

Uhusiano wa milio waweza pia kuvuka mpaka wa binadamu na mnyama. Mwaka 1989 Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walithibitisha kwa vipimo yale ambayo warina asali wa Kiborana wa kaskazini mwa Kenya waliyajua tangu zamani: kwamba yuko ndege anayewaongoza watu hadi penye nyuki, na kwamba kwa jinsi anavyoruka na kutua huonyesha upande na umbali. Katika nchi wasiyoizoea, warina waliofuatana na ndege huyo walifika penye nyuki kwa wastani wa saa 3.2, wasio naye walitumia saa 8.9. Utafiti huo ulianzia katika maelezo ya wenyeji kwa lugha yao, kisha ukayapima. Maelezo yalikuwa sahihi kiasi cha kuweza kupimwa, nayo ndiyo sifa inayotakiwa katika lugha yoyote ya sayansi.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba elimu ya mwenendo wa wanyama hudai mambo matatu katika lugha. Kwanza ni kutenga maswali: kisababishi, ukuaji, manufaa na asili. Pili ni kutenga istilahi: mwenendo kwa lionekanalo, silika kwa la kuzaliwa nalo, mazoea kwa la kujifunza, desturi kwa la kupokezana, na tabia kwa hulka ya mmoja. Tatu ni kuitumia sarufi kwa hadhari, hasa ili, -ana, hu- na majina ya makundi. Hakuna katika haya lisilowezekana kwa Kiswahili kama kilivyo.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilionyesha kwamba istilahi za sayansi zinaweza kupangwa. Kilichobaki ni kazi ya pamoja: mwanabiolojia alete orodha ya vitendo alivyoviona, na mtaalamu wa lugha aichuje, kitenzi kwa kitenzi, ili hukumu itengwe na taarifa. Mahali pazuri pa kuianzia ni mitaa kama Rhonda, ambako wanyama huonekana kila siku na Kiswahili husemwa kila siku, ila hapajatokea mtu wa kuviandika viwili hivyo pamoja.